Nyimbo za Mzee Kufuli

Jina la Kufuli hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, na mtaa ukikupa jina hauulizi kama unalitaka. Mlango wa chumba chake cha muziki ulikuwa na kufuli mbili, kabati la waya lilikuwa na kufuli, sanduku la maikrofoni lilikuwa na kufuli, na hata feni ya mezani aliifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa meza, ingawa ilikuwa imeacha kuzunguka siku nyingi. Funguo zote alizitundika kiunoni, hivyo kabla hujamwona ulikuwa umeshamsikia. Mkewe, enzi za uhai wake, aliwaambia majirani kwamba yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na lango la gereza.

Kazi yake ilikuwa kupiga muziki kwenye harusi, mahafali na sherehe za watu wenye nafasi. Hakuwa mwimbaji, wala hakujua kupiga chombo chochote. Alichojua ni wimbo gani uwekwe saa gani, jambo ambalo watu hulidharau mpaka siku litakapokosewa. Mashangazi wa bwana harusi wakianza kununa, alijua cha kuwainua vitini. Walevi wakigoma kutoka ukumbini, alijua wimbo wa kuwasindikiza mpaka getini bila mtu kutukanwa. Nyimbo hizo alizikusanya tangu zama za kanda, akaziingiza kwenye kompyuta moja moja, na humo ndimo yalimokuwa maisha yake yote.

Kompyuta ilikuwa na neno la siri, bila shaka. Lakini Mzee Kufuli hakuliamini neno la siri, kwa kuwa neno ni neno tu, na maneno hutoka midomoni. Akabuni ulinzi wa kwake. Kila wimbo aliubandika jina la wimbo mwingine. Wimbo wa kuingia bibi harusi aliupa jina la wimbo wa kuaga maiti, wa kukata keki akaupa jina la wimbo wa shule, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Upi ni upi alijua yeye peke yake, kichwani. Mara nyingine alikaa akicheka peke yake, akimwaza mwizi anayempigia bibi harusi wimbo wa jeneza mbele ya wakwe.

Katikati ya nyimbo hizo kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuwa wimbo. Ilikuwa sauti ya mkewe. Siku waliponunua maikrofoni mpya, mama huyo alisimama mwisho wa ukumbi mtupu kuijaribu, kwa sababu mumewe hakuwahi kuamini sikio lingine isipokuwa lake. "Moja, mbili. Moja, mbili. Unanisikia wewe? Nasema, unanisikia? Usiponijibu naenda zangu nyumbani." Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kuvutia pumzi ndani kama mtu aliyeonja chai ya moto. Mashine ilikuwa inarekodi bila mtu kujua. Alipokufa, hiyo ndiyo iliyobaki. Picha zake zilikuwepo, za kutosha ukuta mzima, lakini kwenye picha zote alikuwa amenyamaza, na yeye hakuwa mtu wa kunyamaza.

Tangu wiki ile ile ya maikrofoni, Mzee Kufuli alikuwa ameificha sauti hiyo pale ambapo hakuna mwizi angepoteza muda. Kulikuwa na wimbo mmoja tu aliouachia jina lake halisi, "Karibuni Mezani", ambao hakuna binadamu aliyewahi kuusikiliza, kwa kuwa ukipigwa kila mtu huwa anaangalia foleni ya sahani. Sauti ya mkewe aliipa jina hilo hilo. Sasa kulikuwa na "Karibuni Mezani" mbili, ndefu na fupi, na ile fupi ilionekana kama takataka iliyojirudia. Kila siku ya kazi, kabla hajapakia spika, aliifungua ile fupi, akaisikiliza mara moja, akaifunga. Hakumwambia mtu. Hata binti yake wa pekee hakujua. Aliogopa kwamba kitu kikishajulikana kwamba kipo, safari ya kuondoka huwa imeanza.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo alivyopenda kusema, na aliisema methali hiyo mpaka nguo zake zenyewe zikaanza kumtisha. Miaka ya nyuma alikuwa na msaidizi, kijana mrefu mwembamba aliyeitwa Waya, kwa umbo na kwa kazi. Siku moja Mzee Kufuli alipita nje ya ukumbi wa watu wengine akasikia wimbo aliodhani anao yeye tu mji mzima. Kesho yake aliona flashi kwenye funguo za Waya. Hakuuliza. Alimfukuza mbele ya wateja, akamwita mwizi wa nyimbo, na jina hilo likatoka pale ukumbini likatembea lenyewe. Mkewe alimwambia, "Yule kijana hata mfuko usiotoboka hana. Ataweka wapi nyimbo zako?" Kisha akamnunia wiki nzima. Lakini mtaani watu walisema lisemwalo lipo, na Mzee Kufuli akajibu kwamba hata yeye anasema hivyo, wakati msemaji wa kwanza alikuwa yeye.

Basi mambo yakaenda, mpaka programu aliyopangia nyimbo ikazeeka. Ilikuwa ya zamani kiasi kwamba walioitengeneza walikuwa wameshaitelekeza. Siku moja ikaganda harusini, bibi harusi akiwa katikati ya ukumbi, mguu mmoja mbele. Wimbo ukang'ang'ania silabi moja kama mtu mwenye kwikwi, na bibi harusi akabaki amesimama akitabasamu mpaka tabasamu likamchoka. Mzee Kufuli alitokwa na jasho ambalo hakuwahi kutokwa nalo kwa kubeba spika.

"Baba, hamisha hizo nyimbo kwenye programu mpya," binti yake alimwambia siku iliyofuata. "Mume wangu atakufanyia. Ndiyo kazi yake."

"Najua kazi yake," alijibu. "Ndiyo maana naogopa."

Mkwe wake alikuwa fundi wa kompyuta kwenye ofisi ya bima. Alikuwa mpole, na upole huo ulimkosesha mzee usingizi. Mtu hawezi kuwa mpole hivyo bila sababu. Alikunywa chai bila sukari. Alijifuta miguu mlangoni muda mrefu kuliko matope yaliyokuwepo. Ukimwambia neno la kumchoma, alisema "sawa, baba," na hapo ndipo mzee alipokuwa akipata hofu kamili.

Mzee alikubali shingo upande, na mkwe akaja asubuhi na begi lake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Begi la nini?"

"Vifaa."

Mzee alivuta kiti akakaa nyuma yake, karibu mno, mpaka mkwe akawa anahisi pumzi shingoni. Mkwe alitoa kidude cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, akakichomeka kwenye kompyuta. Taa ndogo ikaanza kupepesa.

"Hiyo taa inapepesa nini?"

"Natoa nakala ya akiba kwanza. Tukikosea mahali, tunarudi tulipoanzia."

"Nakala ya nyimbo zangu?"

"Zote, baba."

"Na hicho kidude ni cha nani?"

"Changu."

Mzee Kufuli alikitazama kile kidude. Moyoni alikuwa karibu kufurahi, kama mtu aliyengoja mvua muda mrefu na sasa amesikia tone la kwanza juu ya bati. Nyimbo zake zote, za umri mzima, zilikuwa zinaingia kwenye sabuni ya mtu mwingine, mbele ya macho yake, na mwenyewe anaita akiba.

"Ikimaliza, unakwenda nacho wapi?"

"Nakihifadhi nyumbani mpaka tuhakikishe kila kitu kiko sawa."

"Nyumbani kwako."

"Kwetu. Kwa binti yako."

"Futa."

Mkwe aligeuka. "Baba, hii ni kwa faida yako. Akiba haiozi."

"Ikikaa kwako itaota mbawa. Futa nikiona."

Mkwe aliangalia mlango, kama mtu anayetafuta shahidi, lakini mlango ulikuwa umefungwa kufuli zote mbili, na yeye yuko ndani. Akafuta. Mzee akamwamuru akifungue tena kile kidude aone kama kweli ni kitupu. Kilikuwa kitupu. Akamwamuru akisafishe kabisa, ile namna ambayo hata fundi mwenzake hawezi kufufua kitu. Mkwe alisafisha. Masikio yake yalikuwa mekundu, na tangu hapo hakusema tena "sawa, baba".

Mchana alilazimika kurudi ofisini. Programu mpya ilikuwa imeshaanza kusoma nyimbo, mstari mmoja mmoja ukipanda kwenye kioo. "Inaweza kuuliza maswali," alisema akifunga begi. "Iache iulize. Usijibu chochote. Nitakuja kesho kujibu mwenyewe."

Huyo naye. Kompyuta ya Mzee Kufuli, kwenye chumba cha Mzee Kufuli, iulize swali, na mwenye chumba akae kimya kama mgeni aliyekuja kuposa. Mkwe alipotoka tu, mzee alisogeza kiti mbele ya kioo akakaa kungoja hilo swali ambalo hakutakiwa kulijibu.

Likaja. Programu ilisema imekuta nyimbo zinazojirudia, ikauliza kama iziondoe kabisa.

Akalisoma mara mbili. Zinazojirudia? Yeye hakuwahi kurudia wimbo hata mmoja. Mtu anayeficha vitu vyake vizuri harudii. Basi hizo nakala ni za nani? Ni za yule mpole. Amenyimwa kuondoka nazo kwenye kidude, akazifyatua nakala humu humu ndani, azifiche chini ya mkeka, aje kuzizoa kesho. Ndiyo maana akasema usijibu. Orodha ya nyimbo zenyewe ilikuwepo. Ungebonyeza mshale mdogo pembeni ungeiona yote. Lakini mtu aliyekwisha kumjua mwizi haombi kitambulisho. Mzee Kufuli alibonyeza "Ndiyo". Programu ikauliza kama ana hakika. Hilo nalo lilimuudhi, akabonyeza "Ndiyo" kwa nguvu zaidi. Jioni hiyo alikula kwa hamu.

Kesho yake mkwe alikuja, akaangalia kioo, akasimama bila kukaa.

"Nani alijibu swali?"

"Mwenye kompyuta."

"Uliiangalia orodha?"

"Niliona nilichotaka kuona."

Mkwe alivuta pumzi. "Baba, sikia. Kama kuna kitu chako kilikuwa kwenye hizo zilizofutwa, sema sasa, kabla sijahamishia humu nyimbo zilizobaki kwenye programu ya zamani. Sasa hivi pengine naweza kukirudisha. Nikishajaza nyimbo nyingine hapa, basi."

"Kilichokuwepo kilikuwa chako. Jaza."

Mkwe akajaza.

Siku ya kazi ilipofika, Mzee Kufuli aliamka, akaoga, akafungua kufuli mbili, akawasha kompyuta. Programu mpya ilikuwa nyepesi, inafunguka kabla hujakaa vizuri, na akakubali moyoni kwamba ni nzuri. Akaandika "Karibuni Mezani". Ikaja moja, ndefu. Akatafuta tena, akitafuta fupi. Ikaja ile ile moja. Aliifungua, zikatoka ngoma na mtu anayewakaribisha watu kwenye sahani. Akaiacha icheze mpaka mwisho, akitumaini labda mkewe yuko nyuma ya ngoma hizo. Hakuwepo.

Gari la kubeba spika lilipiga honi nje mpaka dereva akachoka.

Binti na mkwe walifika pamoja. Mkwe alijaribu kila alilolijua, akibadilisha programu za kufufua vitu, na mzee amesimama ukutani, safari hii mbali. Mwishowe aliondoa mikono kwenye kibodi. "Nafasi yake imeshaandikwa nyimbo nyingine, baba. Maji yameshamwagika. Ilikuwa wimbo gani? Labda tunaweza kuutafuta kwingine."

"Haukuwa wimbo."

Ikabidi aseme. Alisema akiangalia feni. Alieleza ukumbi mtupu, maikrofoni mpya, moja mbili, na kicheko. Alipomaliza, binti yake alikuwa amekaa sakafuni juu ya waya zilizokunjwa.

"Sauti ya mama," alisema. "Ilikuwa humu ndani. Miaka yote hii."

"Nilikuwa naitunza."

"Mimi nimeanza kusahau alivyokuwa anaongea, baba. Nilikuambia hivyo, hapa hapa mlangoni. Nililia. Na wewe ukaniambia nitazoea."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hakuna methali inayosema afanye nini akishafika chini na kumkuta binti yake yuko humo. Mkwe alikuwa anazungusha kile kidude cheusi mkononi, kitupu, na hakusema kitu. Mzee alitamani aseme. Angekuwa mtu wa kusema, angalau wangegombana.

Binti ndiye aliyeinua kichwa. "Waya je?"

"Waya nini?"

"Si ulisema aliiba nyimbo zako zote? Kama aliiba zote, aliiba na hiyo."

Mzee Kufuli alimtazama. Funguo zikalia kiunoni, maana alikuwa ameshageuka kuelekea nje. Huyu mtu aliyetumia nusu ya umri wake kumchukia mwizi mmoja, sasa alikuwa anakata mitaa karibu mbio, akiomba Mungu amkute ni mwizi kweli. Alijikumbusha ushahidi wote. Ile flashi. Ule wimbo nje ya ukumbi. Lazima aliiba. Mtu mwenye akili gani angekaa karibu na nyimbo kama zile asiibe?

Waya alikuwa na chumba chake cha kukodisha vyombo vya muziki, kando ya karakana ya magari. Mlango ulikuwa wazi, umezuiwa na spika mbovu. Alikuwa ameanza kuota mvi. Alikuwa anakunja waya kwa namna ile ile aliyofundishwa, juu ya kiwiko na chini ya kiganja.

"Shikamoo, mkuu," alisema, na mkono wake ukasimama.

"Marahaba. Sikuja kwa ugomvi."

"Karibu ukae."

Hakukaa. "Zile nyimbo ulizochukua kwangu. Nimekusamehe. Zote ni zako, piga popote unapotaka, sitasema neno. Nataka moja tu unirudishie nakala. 'Karibuni Mezani'. Zilikuwa mbili. Nataka ile fupi."

Waya aliweka waya chini. "Mkuu, mimi sikuchukua wimbo kwako."

"Usiogope. Sitamwambia mtu."

"Siogopi. Sikuchukua."

"Nilikuona na flashi."

"Ilikuwa na picha za mazishi ya baba yangu. Ulinifukuza kabla sijakuonyesha."

Mzee alishika ukingo wa meza. "Basi hata kidogo. Hata kwa bahati mbaya. Labda siku moja ulihamisha kitu, ikajiingiza na hiyo. Fikiri vizuri, mwanangu. Sema tu kwamba ulichukua." Akasogea karibu zaidi. "Ni sauti ya mama. Ile siku ya maikrofoni. Wewe ndiye uliyeshika waya."

Waya alikumbuka, na ikaonekana usoni kwamba amekumbuka. Alikwenda kwenye kompyuta yake, akaigeuza kioo kimwelekee mgeni. Haikuwa na neno la siri. "Tafuta mwenyewe," alisema. "Nisije nikakuambia haipo ukadhani naficha."

Akatafuta. Nyimbo zilikuwa nyingi, kila moja na jina lake halisi. "Karibuni Mezani" haikuwepo hata moja. Alipanda na kushuka na orodha ile mpaka Waya akamwekea kiti nyuma ya magoti, akakaa bila kujua amekaa.

"Hata wimbo wangu mmoja?" aliuliza.

"Hata mmoja, mkuu."

"Heri ungeiba."

Fundi wa karakana alikuwa akigonga chuma upande wa pili wa ukuta. "Hata mimi niliwahi kufikiria hivyo," Waya alisema. "Kuna familia zilininyima kazi kwa ajili ya hizo nyimbo. Jina nilikuwa nalo tayari. Nyimbo ndizo sikuwa nazo." Alisema bila hasira, na hilo mzee hakujua pa kuliweka. Kisha Waya akaokota waya wake, akaanza upya kuukunja, maana alikuwa amesahau alipoishia.

Binti na mkwe walikuwa bado wanamngoja mlangoni mwa chumba cha muziki, wamekaa kwenye kizingiti. Walimwona tangu mbali akija polepole, na kwa mara ya kwanza hawakumsikia, kwa kuwa alikuwa ameshika funguo zake mkononi, zote kwa pamoja, zisilie. Binti alisimama.

"Amekupa?"

Mzee Kufuli alitikisa kichwa. Alimtazama binti yake, halafu mkwe wake.

"Hakuiba," alisema, akakaa chini katikati yao, akalia.